Inatafutwa Sura ya Kwanza

Kwaru, kwaru, kwaru.

Kulikuwa hakujapambazuka, na Bibi alikuwa jikoni anachonga penseli kwa kisu cha vitunguu, polepole, asije akamwamsha mzee wake. Penseli ilikuwa imekwisha kuwa fupi kama kidole gumba, maana kila alipomaliza kuchonga ilimbidi aanze kuandika, na kuliko kuanza kuandika aliona heri achonge tena.

Mlango ukasukumwa ghafla. Ufagio uliingia kwanza, kisha mume wake akaufuata, shuka begani.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Panya."

"Panya ni mimi, baba. Shusha ufagio."

Mzee alishusha ufagio. Alikuwa fundi saa, na mtaa mzima ulimwita Robo Saa, kwa sababu kila aliyempelekea saa mbovu aliambiwa arudi baada ya robo saa, hata kama saa yenyewe ingekaa kwake mpaka mwenye nayo ahame. Akasogea mezani. Pale palikuwa na karatasi ambazo yeye mwenyewe alimpa mkewe: kalenda za zamani, zimekatwa vizuri, zitumike upande wa nyuma. Alikuwa amezipiga msasa kingo zote zisimkate vidole, wala hakusema. Bibi aliligundua hilo kwa kupapasa tu.

Juu ya karatasi ya kwanza paliandikwa *Sura ya Kwanza*, na mstari chini yake. Chini ya mstari, weupe mtupu.

"Bado hujaanza?"

"Nitaanzaje na sura ya kwanza sina?"

"Na leo ndiyo siku ya kwenda kwa shemeji," Robo Saa alisema, akajutia hapo hapo, akaenda kumwekea mkewe maji ya chai.

Shemeji alikuwa dada mkubwa wa Bibi. Aliishi ghorofa ya juu kabisa ya jengo la nyuma ya soko, na miaka yote alikuwa amekaa dirishani akiangalia wapita njia na kuwasema mmoja mmoja, mpaka Bibi anashika mbavu kwa kucheka. Kisha macho yakamfifia, na sasa haoni kitu. Bibi alimtembelea na kumhurumia, na huruma ndiyo iliyomuudhi dada.

"Usije tena kuniletea pole," alisema mara ya mwisho. "Pole zimejaa humu, sina pa kuziweka. Ukiwa na kitu cha kunisomea, njoo. Huna, kaa kwako na magoti yako yanayouma."

Bibi, kwa hasira, akajibu kwamba anaandika kitabu na kwamba safari ijayo angekuja na sura ya kwanza.

"Wewe?" dada alicheka. "Wewe uliyekuwa ukienda dukani kununua sabuni, unarudi na kiberiti?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sura ya kwanza ikipatikana, Bibi ataenda kwa dada yake. Isipopatikana, mlango ule umefungwa, na dada alikuwa mtu wa neno moja.

Robo Saa alikwenda kazini na mawazo ya mkewe kichwani. Kibanda chake kilipakana na cha kinyozi. Akiwa na kioo chake cha kukuzia jichoni na skrubu katikati ya meno, alisema:

"Mke wangu hajalala. Anatafuta sura ya kwanza."

Wembe wa kinyozi ukasimama shavuni mwa muuza nyama. "Sura ya nini?"

"Ya kitabu."

"Sura ya namna gani?"

"Yoyote, bwana. Mradi ivutie."

Sasa kinyozi alikuwa na sura mikononi kutwa, mwaka hadi mwaka, na kwake neno hilo lilikuwa na maana moja tu duniani: kitu chenye pua katikati. Alijitazama kwenye kioo, kushoto, kisha kulia.

"Kumbe," alisema. "Na mimi nilikuwa hapa siku zote."

Bibi alikuwa anasuuza vikombe aliposikia hodi. Alifungua, akamkuta kinyozi amesimama kama mtu anayepigwa picha, uso umepakwa mafuta ukang'aa. Nyuma yake muuza nyama amenyolewa shavu moja. Nyuma ya muuza nyama, foleni imepinda kona.

"Bibi, shikamoo. Sura ya kwanza imefika."

"Marahaba, mwanangu. Sura ipi?"

"Hii," kinyozi alisema, akaielekeza kwenye mwanga.

Bibi alijitahidi. Aliwaeleza kwamba sura ya kitabu ni maneno, si uso wa mtu, na watu wote wakaitikia kwa vichwa, kwa adabu.

"Tunaelewa, Bibi," alisema muuza nyama. "Ikishaingia kitabuni haiwi uso tena. Kama ng'ombe tu. Akishaingia buchani haitwi ng'ombe."

"Kichwa kiko wapi lakini?" aliuliza mama mmoja mpiga pasi, aliyekuja na pasi yake mkononi, bado ya moto. "Mimi mtu wa kuuliza. Kitabu hiki kina kichwa?"

"Bado sijakipa kichwa, mama."

"Haya! Sura bila kichwa itakaa wapi?"

Foleni ikanung'unika. Jambo hilo lilikuwa zito. Kinyozi akasema kitabu kinaweza kuanza na sura, kichwa kikafuata, yeye ameona vichwa vingi vilivyokuja baadaye. Mpiga pasi akamwambia akae kimya, cha kwake mwenyewe hakijafika hata leo.

Bibi alikuwa karibu kuwaaga wote na kufunga mlango. Lakini akaona muuza nyama amevaa koti lake la harusi, lile ambalo halifungiki tena, na amefunga bucha katikati ya asubuhi kwa ajili yake. Akaona mpiga pasi ameinyoosha kanga yake mpaka ungeweza kujikata nayo. Utawafukuzaje watu waliokuletea nyuso zao, tena safi?

"Haya," alisema, "mmoja mmoja. Kaa hapo kwenye mwanga, mwanangu. Usicheke."

Kinyozi alikaa. Bibi alimtazama, na kwa kuwa aliona aibu kumtazama mtu bila kufanya kitu, akaandika. Aliandika kwamba kinyozi ana nyusi moja inayopanda kila anaposema uongo, na kwamba tangu afike ilikuwa haijashuka. Aliandika kwamba ana upara anaouficha kwa kofia, na kofia anayoificha kwa taulo. Alipomaliza akamshukuru, kinyozi akainuka kama aliyetoka kupewa cheo.

Muuza nyama akataka sura yake ipimwe kwanza, ijulikane itachukua kurasa ngapi, na asipunjwe. Mpiga pasi akaomba mikunjo ya pembeni mwa macho inyooshwe kidogo. Bibi akasema mikunjo ile ndiyo aliyoipenda, mpiga pasi akamwachia kitambaa chenye joto afungie goti. Wakaja mapacha wanaouza ndoo, wanafanana kama ndoo zao, kila mmoja akidai yeye ndiye sura ya kwanza.

"Nikiwaweka wote kitabu kitajirudia," alisema Bibi.

"Mweke yeye," alisema mmoja.

"Asante," alisema mwenziwe.

"Maana yeye ni mimi," akamalizia yule wa kwanza.

Akaja pia bwana mmoja aliyetaka sura yake *isiingie*. Alikuwa amepanga foleni muda wote huo akatae uso kwa uso. Bibi aliandika hata kukataa kwake, maana alikuwa na namna nzuri ya kukunja midomo.

Jua lilipokuwa utosini Robo Saa alirudi kula, akakuta foleni mlangoni mwake.

"Mzee, panga foleni," walimwambia.

"Hii ni nyumba yangu!"

"Kila mtu leo anasema hivyo."

Akapanga. Alipofika mbele, Bibi aliinua macho kutoka karatasini.

"Na wewe?"

"Nimesimama tangu kule kona. Nitaiachaje zamu yangu?"

Basi akakaa kwenye kiti, na Bibi akamtazama kama wengine. Ilikuwa zamani hajamtazama hivyo, kwa mwanga wa mchana, bila kumwambia avue viatu. Pembeni mwa jicho la kulia palikuwa na kibonde, pale kioo cha kukuzia kilipokaa maisha yake yote. Aliandika kile kibonde taratibu sana. Penseli ilikuwa imebaki kipande cha kushikwa kwa kucha.

"Imekwisha?" aliuliza Robo Saa.

"Ngoja robo saa," alisema Bibi.

Wa mwisho alikuwa mchukuzi wa sokoni, pande la mtu, aliyesimama na kuukabili ukuta.

"Geuka basi, mwanangu, nikuone."

"Bibi, mimi sura sina ya kuonyesha. Ila nimesikia kitabu kina mgongo." Akajinyoosha. "Mgongo ninao."

Hakuna aliyecheka. Hata kinyozi alikubali kwamba mgongo ule ulikuwa wa kitabu kikubwa.

Bibi akazikusanya karatasi zake, akashangaa. Zote zilikuwa zimejaa. Penseli iliyomshinda tangu alfajiri ilikuwa imekwisha bila yeye kujua. Akakumbuka ngazi za dada yake, zilizokuwa nyembamba na ndefu, akayashika magoti.

"Mgongo wenyewe," alisema, "unaweza kupanda ngazi?"

Hivyo jioni ile Bibi alipandishwa ghorofa hadi ghorofa mgongoni mwa mchukuzi, karatasi kifuani, akiomba radhi kila walipofika kituo. Mchukuzi alisema gunia la mchele huwa haliombi radhi, na kwa hiyo yeye leo amefaidi.

Dada alikuwa kitini, ameupa mlango kisogo.

"Nani anahema hivyo?"

"Mimi, dada. Nimekuja."

"Wewe huhemi hivyo. Huyo ni fahali."

"Huyo ni mgongo wa kitabu."

Dada akageuka polepole. "Kitabu kipo?"

"Kina mgongo na kina sura. Hakina kichwa bado."

"Kama mwandishi wake," alisema dada. "Soma."

Bibi alisoma. Alisoma nyusi ya kinyozi iliyokataa kushuka, na dada akasema, "Huyo! Hata zamani alikuwa hivyo." Alisoma koti la harusi la muuza nyama. Alisoma mapacha, na dada akaomba wasomwe tena, asikie kama wanatofautiana. Alipofika kwa Robo Saa na kibonde chake, dada akaiweka mikono mapajani.

"Kwa hiyo shemeji amezeeka vizuri," alisema baadaye.

"Vizuri sana, dada. Nami sikuwa nimeona."

"Na huyu anayehema? Sijasikia sura yake."

"Amekataa. Anasema imekaa vibaya."

"Njoo hapa, mwanangu. Inama."

Mchukuzi aliinama. Dada akaupitisha mkono usoni mwake, paji, nyusi, mashavu, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

"Hii ina kasoro gani?"

"Pua, Mama."

"Pua ipo."

"Ndiyo kasoro yenyewe. Ipo sana."

Dada akaangua kicheko, kile cha dirishani, cha zamani, mpaka akashika mbavu, na mchukuzi naye akacheka akiwa ameinama vilevile, pua mkononi mwa bibi wa watu.

"Mwandike," alisema dada akifuta machozi. "Huyu ndiye sura ya pili."

"Penseli imekwisha, dada."

"Nunua nyingine. Na usirudi na kiberiti."

Bibi akakunja karatasi. Mchukuzi akageuka, akachuchumaa mlangoni kumbeba. Walikuwa wamekwisha kanyaga ngazi ya kwanza sauti ilipowafuata, ndogo, si ya mtu wa neno moja hata kidogo.

"Mdogo wangu? Kesho mtakuja?"