Mbuzi wa Kiapo

Watiri alishuka mtoni kuchimba nduma, akakuta mikuyu ya ukingoni imelala chini na miche ya mikaratusi imepandwa mahali pake. Mikaratusi, mti unaokunywa mto mpaka tope! Na mwaka ule wa Uhuru bonde zima lilikula mbuzi wa kiapo: atakayeonja nyama, hatakata mti wa mtoni. Na sasa aliyesimama pale mtoni na panga mkononi alikuwa shemeji yake Gicheru, msimamizi wa kiapo chenyewe.

"Shemeji, huna haya? Si tulikula mbuzi pamoja?"

"Mlikula nyinyi. Mimi sikuonja."

Watiri akakumbuka. Gicheru ndiye aliyekata nyama ile, akagawia kila mtu, yeye akabaki mikono mitupu. Na Watiri, mbele ya wote, alimsifu kwa kujinyima.