Vioo vya Dirishani

Jumanne ya kliniki, nesi Judica aliwapima wanawake kumi na mmoja waliowekewa kitanzi cha uzazi wa mpango. Alipaka ute wa mlango wa kizazi kwenye vioo vyembamba vya urefu wa kidole, akaandika majina kwa penseli, akavipanga kwenye trei kumsubiri mtaalamu wa kuvisoma. Mtaalamu alikuwa semina.

Mwaka na nusu ulipita, vioo vikakua. Vilifikia ukubwa wa daftari, halafu vikaivunja trei. Madirisha ya zahanati hayakuwahi kuwekwa vioo, na upepo wa Mbulu hauna adabu, kwa hiyo Judica alimwita fundi Nikolausi avipachike. Nikolausi alilalamika kidogo kwamba pembe hazikuwa sawa.

Seli nazo zilikuwa zimekua, kila moja kama harage. Kwenye vioo kumi zilitulia. Kwenye cha kumi na moja, kilichoandikwa Letisia wa Masieda, viini vilikuwa vimevimba na kusongamana, vyeusi. Mtaalamu hakuhitajika tena.

Letisia alikuja kwa miguu.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Umekiona chako?"

"Nimekiona tangu barabarani. Ni kitanzi kimeleta?"

"Hilo siwezi kusema. Ninachojua, seli kama hizi zikiwahiwa zinagandishwa, zinaisha. Zikiachwa zinaweza kuwa saratani."

"Basi nigandishe."

"Mashine ipo. Gesi yake ndiyo haipo."

Letisia aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Mtoto wake wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Alirudi kupalilia vitunguu swaumu, akawa anakuja kila mwezi. Kila mwezi Judica aliandika barua mjini kuomba gesi, na kila mwezi kioo kilizidi kujaa. Wanawake waliokwenda mnadani walisimama, wakakitazama, wakamwombea, wakaendelea na safari. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo, na sijui kama waliwahi kusema jambo la kweli kuliko hilo.

Kufikia masika kioo kilikuwa cheusi kabisa, na chumba cha matibabu, ambacho dirisha lake lilikuwa hilo tu, kikawa giza saa sita mchana. Judica aliandika barua nyingine: gesi haijafika, mgonjwa anasubiri, na sasa hatuoni ndani.

Safari hii walijibu haraka. Baada ya wiki mbili gari lilikuja kutoka mjini, dereva akashusha taa ya sola, Judica akasaini. Letisia alikuwa amekaa kwenye benchi. Judica aliiwasha, ikawaka vizuri.