Makofi ya Mzee Manyanda

Kija Manyanda alikuwa ametengeneza programu ya kompyuta, na siku ile, kwenye ukumbi mmoja wa Mpanda mjini, alisimama kuisifu. Alikuwa amepewa kazi ya kupima programu nne zinazolinganisha jenomu za bakteria wa kipindupindu, yaani zinazosoma urithi wa kila bakteria na kusema yupi ni ndugu wa yupi, ili ijulikane ugonjwa uliozuka Karema ulitokea wapi. Tatu zilitoka ng'ambo. Ya nne ilikuwa yake mwenyewe.

“Hizo tatu zilikosea hapa na pale,” alisema. “Hii ya kwangu haikukosea hata mara moja.”

Makofi yakalia mstari wa mbele. Aliyepiga alikuwa baba yake, mzee Manyanda, mfugaji wa Ugalla, aliyevaa koti zito la harusi za watu. Watu wakacheka kidogo, kisha ukumbi mzima ukamfuata.

Marsela, mtafiti mwenzake, mzaliwa wa Mpimbwe, akanyoosha mkono.

“Kaka Kija, samahani. Sampuli ulizoipimia si ndizo zile ulizoitengenezea?”

Kila mara programu yake ilipokosea aliirekebisha, akairudisha kwenye sampuli zile zile, hadi makosa yakaisha. Hakukusudia kudanganya. Lakini wasiwasi ulipomjia, aliufukuza kama nzi. Alikuwa kama mwanafunzi aliyeonyeshwa mtihani jana, leo anajigamba amepata zote.

“Baadhi,” alijibu.

“Zipi ambazo haikuwahi kuziona?”

Akatazama ukutani, akatazama viatu vyake. “Hakuna.”

Mwenyekiti, Dokta Severini, hakumfokea. Alisema tu kwamba matokeo yaondolewe kwenye ripoti, na upimaji urudiwe na mtu mwingine kwa sampuli mpya. Upole ule ulimchoma Kija kuliko matusi.

Wakati wa chai alimkuta baba yake nje, simu sikioni, akimhadithia mama kwa sauti ya kufika barabarani.

“Minza! Amezishinda zote! Hata za Wazungu!”

Waliobeba vikombe wakageuka.

“Baba, kata hiyo simu. Haijashinda.”

“Si nimesikia makofi?”

“Makofi umeyaanzisha wewe!”

Mzee akashusha simu. Mama bado alikuwa anaita, haloo, haloo.

“Nilidhani ndipo mahali pa kupiga makofi,” mzee akasema taratibu.

Aibu ya ukumbini haikuwa kitu mbele ya hii. Kija alimwomba baba yake radhi, akamweleza yote, sauti ikimkatikakatika. Mzee alisikiliza, asielewe hata nusu, kisha akauliza, “Na yule binti aliyekuuliza, umemshukuru?”

“Bado.”

“Sasa unangoja nini?”

Akarudi ndani, uso ukimwaka.

“Marsela, asante. Ipime wewe. Nitakupa programu yote, na sitaigusa tena.”

Marsela akaitikia, akamsogezea kiti. Kija hakuweza kukaa.

Majibu yalipotoka, programu yake ilikuwa ya tatu kati ya zile nne. Aliyasoma mwenyewe, mbele ya watu wale wale. Siku hizi, mzee akiulizwa habari za mwanawe huko Ugalla, hujibu kwa fahari kwamba kazi bado inaendelea. Kija naye, akiwa karibu, hujifanya anatafuta kitu mfukoni.