Tunahuisha Chochote

Bango lile niliandika mwenyewe, na mpaka leo nalitetea. Uhuishaji ndilo neno sahihi la kazi yetu. Tunachukua kitu kilichochorwa kwenye kompyuta, hakina pumzi wala haja ya kuamka, tunakifanya kitembee, kicheke na kuuza sabuni. Mwenzangu, tunayemwita Kivuli kwa sababu yeye ndiye mpangaji wa mwanga, alitaka tuandike "Katuni" tu, watu waelewe. Nikamwambia sikusoma nikakonda ili niitwe mtu wa katuni. Nikaandika kwa herufi nene: UHUISHAJI WA KOMPYUTA. TUNAHUISHA CHOCHOTE. GHOROFA YA PILI.

Asubuhi moja tukasikia vishindo kwenye ngazi. Wapakizi wawili wa duka la matairi lililo chini yetu wakaingia wamebeba kiti cha mbao, na juu ya kiti amekaa mzee mmoja, mgongo wima, mikono magotini, kofia kichwani. Nyuma yao alikuja mama wa makamo, mkoba kwapani, akiwaelekeza namna ya kukata kona.

"Hapo hapo," akawaambia. "Aelekee mlango, ndivyo alivyozoea." Kisha akanigeukia. "Mwanangu, ninyi ndio mnaohuisha?"

"Ndiyo, mama."

"Chochote?"

"Bango ndivyo linavyosema," akadakia Kivuli, akinitazama kwa jicho la shauri yako.

"Basi nimewaletea mume wangu."

Nikamwangalia mzee. Kifua kilipanda na kushuka. Akapepesa macho mara moja, akaendelea kuutazama mlango.

"Mama, huyu yu hai."

"Nimesema amekufa? Nimesema ahuishwe."

Akakaa bila kukaribishwa, akatueleza. Mumewe alikuwa mwendesha lifti katika jengo kubwa la ofisi. Maisha yake yote ya kazi alikaa kwenye kigoda chake akitazama mlango ukifunguka na kujifunga, maana ndani ya lifti hakuna anayemtazama mwenzake. Kisha wakaleta lifti inayojiendesha. Akarudi nyumbani, akaweka kiti mbele ya mlango wa sebuleni, na hapo ndipo alipo.

"Anakula?" Kivuli akauliza.

"Anakula, analala, anaoga. Ila haniangalii. Naongea, yeye na mlango. Nimechoka kuongea na sikio la mtu." Akaufunga mkoba wake kwa kishindo. "Nataka aniangalie ninapoongea, basi. Mkishindwa, leo hii naenda kuishi kwa dada yangu. Naye mtabaki naye hapa, maana kumteremsha ngazi zile mimi sina nguvu."

Mtu mwenye akili angemwambia ukweli. Mimi nilikuwa na akili, lakini Kivuli alishaanza kucheka chini chini na kunong'ona, "Mwambie sisi ni watu wa katuni." Hasira zikanipanda.

"Tutajaribu, mama," nikasema.

Tukampiga picha mzee kutoka pande zote, naye hakulalamika. Kwenye kompyuta nikamjenga upya kwa wavu wa pembetatu ndogo ndogo, mama akiwa begani kwangu akirekebisha. Pua si hiyo. Shavu la kushoto limeingia zaidi, ndilo analolalia. Nikamtia mifupa ndani, goti lipinde hapa, shingo izunguke pale, kisha nikamvika ngozi. Tulipomjaribu kuinuka, goti likakunjika kinyumenyume, taya likameza kofia, naye akazama taratibu sakafuni mpaka kwenye nyusi.

"Hata hivyo ni nafuu kuliko nyumbani," mama akasema.

Nikarekebisha goti. Nikamfafanulia kwamba mwendo hatuuchori wote. Tunaweka pozi la mwanzo, amekaa, na pozi la mwisho, amesimama, na mashine inajaza ya katikati.

Mama akatikisa kichwa kama aliyesomewa majibu ya hospitali. "Hapo ndipo alipoharibikia. Mwanzo tulikuwa nao, mwisho unajulikana. Katikati hakuna anayejaza."

Kivuli akamwekea mwanga, na kivuli miguuni asionekane anaelea. Alikuwa ameacha kucheka. Mwisho nikashughulikia macho. Nikayaunganisha na kamera ndogo iliyo juu ya skrini, mtu akisogea yamfuate, na nikaongeza kichwa kutikisika mara moja moja. Ni ujanja mdogo, hata mwanafunzi anaujua. Nikawasha.

Mzee wa kwenye skrini akainua uso na kumtazama mama. Mama akasogea kulia, macho yakaenda naye. Akaenda kushoto. Akainama nyuma ya meza, akaibuka ghafla upande wa pili, na macho yakamkuta huko. Akaweka mkoba chini.

"Haya," akasema. "Kwanza, bomba la jikoni linavuja."

Akaanza. Bomba, jirani na kelele zake, binti yao anayepiga simu na kuuliza baba anasemaje, naye anatunga majibu. Jino alilokwenda kung'olewa hospitali peke yake, akarudi kwa miguu huku anatema damu kwenye leso. Siku kifua kilipombana jikoni akadhani ndiyo safari, akamwita mumewe, na mumewe akiutazama mlango. Yule wa kwenye skrini alimtazama tu, akitikisa kichwa. Nilijua fika kwamba kichwa kile hakielewi kitu.

"Jino lipi?"

Sauti ilitoka nyuma yetu, kavu, ya mtu aliyesahau kuitumia. Kivuli akageuka. Mimi nikageuka. Mama hakugeuka.

"La nyuma," akasema, macho kwenye skrini. "Nilikwambia."

"Lini?"

"Nilipoling'oa."

Kiti kikalia. Mzee alikuwa anainuka, na goti lake lilipinda inavyotakiwa. Akavua kofia, akaja mpaka mbele ya mkewe, akasimama kati yake na skrini.

"Mimi hapa," akasema.

Mama akainamisha kichwa pembeni ili aone nyuma ya bega lake.

"Sogea kidogo, baba watoto," akamwambia kwa upole. "Unamziba."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini. Nikanyoosha mkono nizime mashine. Mama akanitupia jicho, mkono ukarudi wenyewe.

Mzee akageuka akamtazama yule mwenzake wa kwenye skrini, kwa muda mrefu, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine: namna anavyotulia, namna macho yasivyomwacha mtu. Kisha akaenda kukichukua kiti chake mwenyewe, akakiburuta mpaka ubavuni mwa skrini, akakigeuza kiupe mlango mgongo. Akakaa. Akakaza macho usoni mwa mkewe, ambaye bado alikuwa akiongea na yule mwingine, na akasubiri zamu yake.