Mlima Usio na Barua

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, mpunga ukiwa umeshavunwa, fundi wa maji aitwaye Evarist alitoka kwake Shanwe na pikipiki, kipimo chake cha mwinuko amekifunga nyuma kwa mpira, akaenda kutembelea vilele vya kijiji kimoja upande wa Kakese. Tuambizane ukweli, vilele lilikuwa neno la kwenye fomu tu. Kijiji chenyewe ni bapa. Ukimwaga maji uani yanabaki palepale, hayajui yaelekee wapi. Lakini mradi ulikuwa na tenki moja na mabomba ya kilomita moja, na ilikuwa lazima tenki likae mahali pa juu kuliko pote, pasipoinuliwa na binadamu, ili maji yashuke yenyewe. Kwa hiyo Evarist alitafuta.

Kilele cha kwanza kilikuwa kichuguu nyuma ya nyumba ya Maximilian, mwenyekiti wa kijiji. Mbuzi watatu walikuwa wamelala juu yake. Kichuguu kilitoa mita mbili na sentimita kumi, na Maximilian alivua kofia na kusimama wima mpaka kipimo kilipofungwa. Kilele cha pili kilikuwa tuta refu la ardhi nyuma ya kigango. Mita moja na nusu. Katekista alisema siku ya anga safi unaona Mpanda mjini. Evarist alipanda, akaangalia, akasema kweli, anaona kitu, maana katekista alikuwa mtu mzima na hapakuwa na sababu ya kumvunja moyo.

Kilele cha tatu kilitakiwa kiwe katika kitongoji cha Tambarare, kilomita tano kutoka kwenye vile vingine. Huko wanaishi watu waliotoka Burundi mwaka sabini na mbili, pamoja na watoto wao na wajukuu wao. Evarist alizunguka nusu saa bila kupata kitu. Nyuma yake alimfuata Gaudiose, mama wa miaka sitini na moja, amebeba kinu begani.

Walipofika kwenye njia panda, Gaudiose akakigeuza kinu chini juu, akapanda.

"Pima hapa," alisema.

"Bibi, kinu si ardhi."

"Ni mti. Mti haukutoka ardhini?"

Evarist alicheka, lakini hakupima. Akamweleza vizuri, kwa heshima, kwamba kwa namna hiyo tenki litakwenda kwa mwenyekiti, na mabomba yataishia kwenye kigango. Gaudiose akashuka kwenye kinu. Hakucheka.

Alikuwa na sababu. Mkwe wake, Aurélie, mke wa mwanawe Egide anayeendesha bodaboda Mpanda, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ya mwaka uliotangulia ilimtoka njiani akirudi mtoni, ndoo ikiwa kichwani, na nesi alimwambia waziwazi asibebe ndoo tena. Kutoka Tambarare mpaka mtoni ni saa nzima. Tangu hapo Gaudiose ndiye aliyekwenda, asubuhi na jioni, na siku magoti yake yanapogoma, Aurélie anachukua ndoo bila kusema, naye Gaudiose anamwangalia anavyoondoka, moyo unamuuma kweli, na hakuna la kufanya. Watu wawili wanaogopa kitu kimoja na kila siku wanahitaji maji.

Kule walikotoka, mtu haulizwi kijiji, anaulizwa mlima. Wa kwao Gaudiose uliitwa Nyarurambi. Mama yake, aliyekimbia naye akiwa na miaka tisa, alimfundisha kulitaja jina la mlima kila jioni kabla ya kugusa chakula, ili mlima ujue kwamba wangali hai. Alilitaja kambini, alilitaja siku ya harusi, alilitaja siku walipopewa vyeti vya uraia wa Tanzania wakapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Jioni ile ya Alhamisi alilitaja kama kawaida, halafu akaongeza, "Kama una nafasi, njoo. Tunahitaji mahali pa juu." Akala ugali wake na maharage, akalala.

Mlima ulifika baada ya wiki tatu, siku ya Jumanne, saa moja asubuhi.

Madereva wa mabasi ya Kigoma walisema waliupita Uvinza, umepumzika pembeni ya barabara, wakapunguza mwendo. Baadaye ilijulikana kwamba uliondoka kwao siku nyingi sana, labda mwaka uleule wa sabini na mbili, ila mto Malagarasi ndio uliouchelewesha. Ulisubiri maji yapungue, ukazoea kusubiri. Ulipofika Tambarare ulikaa kati ya nyumba za mwisho na njia ya mtoni, ukalalia nusu ya shamba la muhogo la jirani mmoja anaitwa Yohani. Yohani alitoka na mswaki mdomoni.

"Hivi nyie, huu ni wa nani?" aliuliza.

"Wa kwetu," Gaudiose alisema. "Samahani kwa muhogo."

Wazee saba waliobaki wa mwaka sabini na mbili walipanda siku hiyohiyo, polepole, wakipumzika. Kila mmoja alikuta kiwanja cha kwao. Mafiga ya mama yake Gaudiose yalikuwa mahali pake, matatu, na majivu yalikuwa bado na moto kidogo, akafukia humo viazi viwili, vikaiva. Juu kulikuwa na ubaridi mzuri ambao Katavi huupati hata mwezi wa sita. Ukilala kule mchana ulikuwa unaota ndoto ileile moja kwa zamu, aliyeamka anamwachia aliyesinzia, na hakuna aliyeirudia sehemu ya mwenzake. Kuku walipanda wakashuka na vifaranga wasiokuwa wao. Chemchemi ya mlima ilikuwa imekauka njiani. Hakuna aliyeulaumu kwa hilo, safari ni safari.

Evarist alikuja Ijumaa. Alipanda na kipimo chake, akapata mita mia moja na kumi na mbili, akarudia kupima kwa sababu ndiyo kazi yake, akapata zilezile. Kisha akakaa chini ya mti, usingizi ukampitia, akaota msichana mdogo anavuka mto ameshika upindo wa kanga ya mama yake. Alipoamka aliandika mita mia na kumi na mbili kwenye fomu, kwa kalamu ya bluu. Aurélie, aliyekuwa akipepeta mchele chini, alimwona anashuka anatabasamu, akaweka ungo pembeni, akashika tumbo lake kwa mikono miwili.

Mkutano wa kijiji ulifanyika Jumatatu kwenye uwanja wa ofisi. Evarist akasoma vipimo vyote vitatu. Hakuna aliyebisha hesabu. Maximilian alisimama. Alikuwa mtu mpole, anayehudhuria misiba yote.

"Mimi na mlima hatuna ugomvi," alisema. "Juzi nimepita pale nikausalimia. Lakini jamani, utaratibu tunaujua sote. Mgeni akihamia hapa, anakuja na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa kule alikotoka. Mimi barua ya huu mlima sijaiona."

Watu wakaguna, maana ilikuwa kweli. Hata mwalimu mpya alikuja na barua. Hata mganga wa mifugo. Na kosa lilikuwa la Gaudiose mwenyewe: alikuwa ameukaribisha mlima kwa mdomo na kusahau kuuambia habari ya barua, jambo ambalo mtu yeyote wa kijiji kile angelitaja kwanza.

"Mimi nitakuwa mwenyeji wake," alisema. "Niandikeni mimi."

"Mwenyeji awe mtu wa hapa, mama."

"Nina cheti cha uraia."

"Cheti unacho. Sijasema huna."

Gaudiose alibaki amesimama na cheti mkononi, kwenye mfuko wa nailoni, amekishika juu ili wa nyuma waone. Wa nyuma waliona. Mmoja hata akasema ni kizuri, hakijakunjika. Evarist aliangalia viatu vyake, akasema kitaalamu maji yangeshuka vizuri sana kutoka kule, na angependa jambo hilo liingie kwenye muhtasari. Likaingia. Kisha wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, na tenki likaenda kwenye kichuguu.

Lilijengwa mwezi wa tisa. Mbuzi walihamishiwa pembeni. Ukisimama juu ya Nyarurambi ulikuwa unaliona vizuri kabisa, jeupe, na wanawake wa kule wakifungua bomba na kufunga. Evarist alirudi mara mbili tatu kulala juu ya mlima Jumapili, na kila mara alimletea Gaudiose sukari, na hawakulizungumzia tenki.

Tatizo lilikuwa njia. Mlima ulikuwa umekaa katikati ya Tambarare na mto, na kuuzunguka ni mbali kuliko kuupanda. Kwa hiyo mwenye ndoo alipanda, akashuka upande wa pili, akachota, akapanda tena. Saa moja ikawa mbili. Gaudiose angeweza kuuomba usogee, lakini ulikuwa umelala, na mlima uliotembea miaka zaidi ya hamsini ukilala hauamshwi. Isitoshe aliupenda. Alikuwa anafika juu anahema, magoti yanawaka, anakaa kwenye mafiga ya mama yake, analia kidogo kwa furaha na kidogo kwa hasira, kisha anashuka kwenda mtoni.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa bado hazijaanza, magoti yalikataa kabisa. Aurélie akachukua ndoo.

"Subiri," Gaudiose alimwambia. "Ngoja Yohani arudi."

"Mabukwe, maji yameisha tangu jana." Ndivyo anavyomwita mama mkwe wake. "Nitakwenda polepole."

Uchungu ulimkuta akirudi, juu kabisa, saa kumi jioni. Aliitua ndoo kwanza, akaiegemeza kwenye mafiga isimwagike, ndipo akaita. Gaudiose alisikia. Jinsi alivyopanda na magoti yale hajui mwenyewe. Anasema mlima ulishusha bega kidogo ukampokea. Alimkuta Aurélie amelala kwenye majivu ya mafiga ya mama yake, na mtoto, wa kike, mzima, yuko njiani. Alimwosha kwa maji ya ndoo ileile. Walishuka wote watatu kabla ya giza, ndoo ikiwa tupu.

Baada ya wiki mbili walikwenda ofisi ya kata kumwandikisha. Mtendaji, Verdiana, alimbeba mtoto, akambusu, akasema huyu ana macho ya watu wakubwa. Akaandika jina, tarehe, baba, mama.

"Amezaliwa wapi?"

"Juu ya Nyarurambi," alisema Aurélie.

Verdiana akaweka kalamu chini.

"Nikiandika mlima, mtoto atahesabika ameingia na mlima. Na mlima hauna barua."

"Andika Tambarare."

"Mwenyekiti amesema mlima si wa Tambarare. Ndiye anayesaini." Alionekana ameumia kweli, dada wa watu. "Sitaki kumharibia mtoto. Ngoja niache wazi. Barua ikija mtarudi, tutajaza."

"Itatoka kwa nani?" Gaudiose aliuliza. "Kule mlima ulikotoka pamebaki shimo."

Verdiana akagonga muhuri, akapuliza wino ukauke, akampa Aurélie karatasi kwa mikono miwili.

Gaudiose akaomba kuiona. Aliisoma yote, taratibu, kidole kikifuata mistari, mpaka pale palipoachwa peupe. Karatasi hiyo aliijua. Ya kwake aliandikiwa akiwa na miaka tisa, amesimama foleni na mama yake, na karani wa siku ile naye alikuwa mtu mwema, naye alisema watarudi kujaza.

Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Aurélie akamfunga mtoto mgongoni. Nyumbani hapakuwa na maji, kwa hiyo walipita mtoni kwanza.