Matembezi ya Mwenye Nyayo Bapa

Mume wangu ni fundi redio, na watu wa mtaani hawachoki kulichekea jambo hilo, kwa sababu redio zote zinazopita mikononi mwake huongea, ila yeye mwenyewe. Akiketi, anazima. Mezani utamuuliza habari za dukani, atakwambia "nzuri," na hapo mazungumzo yamekwisha. Lakini mtoe nje, mwache anyooshe miguu baada ya kuinamia nyaya kutwa nzima, ndipo utamsikia. Uchumba wetu wote tuliufanya kwa miguu. Alinitongoza tukitembea, akanisimulia kifo cha baba yake tukitembea, na jina la mwanetu tulilipata kwenye kona ya ghala, tukibishana kwa sauti mpaka mlinzi akatoka kuuliza kama kuna usalama.

Mimi ni mkata vitambaa. Karakana yetu inashona mashuka na mavazi ya hospitali, meupe pee. Meza ya kukatia ni ndefu, na ncha za kitambaa huburuzika sakafuni, kwa hiyo sheria ya chumba ni moja: viatu vinabaki mlangoni. Tunasimama pekupeku juu ya saruji kuanzia asubuhi mpaka jioni. Yeye anashinda ameketi, mimi nashinda nimesimama. Jua likipungua, yeye anataka kutembea, mimi nataka kiti. Miaka mingi nilikinyima kiti haki yake nikaenda naye, kwa kuwa nilikuwa naipenda ile sauti yake ya barabarani.

Kisha miguu ikaanza. Nyayo zangu ni bapa tangu kuzaliwa. Nikitoka kuoga naacha alama sakafuni kama ya ubao. Maumivu yalianzia chini ya wayo, yakaja ndani ya kifundo, yakapanda hadi goti. Asubuhi nilikuwa nashuka kitandani nikishika ukuta. Nikajiganga kwa akili yangu: nikasema mguu bapa unataka kiatu bapa, nikanunua ndala laini kuliko zote sokoni, nikawa nazivaa kila nitokapo kazini. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Fundi alikuwa akisimama mlangoni, funguo mkononi. "Mkasi, twende?" Ananiita Mkasi kwa sababu ya kazi yangu, na kwa sababu ya mdomo wangu pia.

"Nenda tu. Leo sina hamu."

Sikumwambia naumwa. Ningemwambia, angeketi pembeni yangu kunionea huruma, na mume wangu akiketi nimeshaeleza kinachotokea. Niliona heri mmoja wetu aendelee kutembea. Akawa ananiuliza kila jioni, baadaye mara mojamoja, baadaye akawa anachukua funguo na kutoka. Siku alipotoka bila kuuliza, nililia, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. Usidhani ni lazima mtu asafiri ndipo umkose. Mimi nilimkosa mtu ninayejifunika naye shuka moja. Nilitamani kusikia anavyomkejeli mteja aliyeleta redio isiyo na betri akidai imeharibika. Nilitamani hata ule ubishi wake wa kijinga kuhusu njia ipi ni fupi.

Ndipo akaja wifi yangu, dada yake Fundi. "Wifi, mimi sitaki kuchonganisha watu," akaanza, nami nikajua amekuja kuchonganisha. "Jana nimemwona kaka kule ghalani. Anaongea huyo! Mikono inakwenda, anacheka."

"Anaongea na nani?"

"Nilikuwa ng'ambo ya barabara, lori likanizibia nisimwone wa pili. Lakini wifi, na wewe, mtu mzima atacheka peke yake?"

Alipoondoka nilibaki nimekodoa macho ukutani. Angesema amemwona kaka yake amemshika mwanamke kiuno, ningejua pa kuanzia ugomvi. Lakini kuongea! Kilichokuwa changu hasa ndicho alichokuwa akimpa mtu mwingine. Ningemfuata siku ileile nikamfume, ila ningemfuata kwa miguu ipi? Nikaamua kwanza niipate miguu.

Mtaalamu wa viungo alikuwa binti mdogo asiye na mzaha. Alinikanyagisha maji, kisha sakafu kavu, akatazama alama. Akaniambia nichuchumie, nikachuchumia huku nimeshikilia meza.

"Una nyayo bapa, mama."

"Hilo najua. Mama yangu alikuwa nazo, na hakuumwa hata siku moja."

"Sawa kabisa. Wengi wanazo na hawaumwi. Kuwa nazo si ugonjwa." Akapitisha kidole katikati ya wayo. "Hapa panatakiwa uvungu. Uvungu ndio springi yako. Wa kwako unalala ukisimama, kifundo kinaangukia ndani, na mshipa huu," akaubonyeza, nikaruka, "unavutwa kutwa nzima kuubeba mwili. Ukichoka unavimba, na goti nalo linapinda kuufuata. Kazini unavaa nini?"

"Hatuvai."

"Na nyumbani?"

Nikamwonyesha ndala zangu. Alizikunja katikati kwa vidole viwili kama karatasi, akanirudishia. Nilitamani anitukane tu.

Akaniagiza viatu vyenye kisigino kigumu, na ndani yake soli iliyoinuka katikati kuubeba uvungu. Nisukume ukuta kwa mikono huku mguu mmoja umebaki nyuma, misuli ya nyuma ya mguu ivutike. Nikusanye taulo sakafuni kwa vidole vya miguu. Nivingirishe chupa ya maji baridi chini ya wayo jioni. Nichuchumie polepole na kushuka polepole, na kazini niketi kidogo kabla maumivu hayajanishika, si baada. Nikiona mguu unabadilika umbo au uvimbe hauondoki, nirudi haraka.

Msimamizi wa karakana alikataa viatu katakata. Nikamwuliza kama anataka mashuka meupe au wakataji, kwa maana vyote viwili hatapata. Tukakubaliana viatu vya humo ndani tu, visivyogusa nje, vinalala kwenye mfuko wa shuka. Sasa wenzangu nao wanavyo.

Fundi akitoka, mimi nahangaika na taulo. Mwanzoni vidole viligoma, taulo likawa linanicheka. Baadaye likaanza kusogea. Maumivu hayakuisha, ila yalipungua hadi nikaweza kuyabeba, na jioni moja Fundi alipochukua funguo alinikuta mlangoni nimefunga kamba za viatu.

Tukapita maduka kimya. Nikawaza, huyu maneno yake amekwisha kuyamalizia kwingine. Tulipofika ukuta wa ghala akajikohoza.

"Kwa hiyo nimewaambia waje wiki ijayo walione duka."

"Kina nani? Duka gani?"

"Wale wanunuzi, Mkasi. Si nilikwambia? Nyaya ndogo sizioni tena. Jicho la kulia limekwisha, na hili la pili daktari anasema linafuata."

"Uliniambia lini?"

"Hapahapa. Nikakwambia na ile ya mteja aliyeleta pasi akasema ni redio, ukacheka mpaka..." Nilimwona anavyotafuta, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Fundi," nikasema, "ulikuwa unatembea na nani huku?"

"Na wewe," akajibu, kisha akainamisha kichwa. "Sijui kuongea nikiwa peke yangu."

Macho ya mume wangu yalikuwa yakifa, na mimi nilikuwa nyumbani na beseni langu. Nilimtazama usoni, nikaona jinsi anavyogeuza shingo ili anione kwa jicho la kushoto.

"Na uliponiambia habari za macho," nikamwuliza, "nilisemaje?"

"Ulinigombeza kwanza, kwa nini nimechelewa kwenda kwa daktari. Kisha ukaniambia nisiogope."

Nikamshika mkono, upande ule asioona. Nikamgombeza kwanza, kwa nini amechelewa kwenda kwa daktari. Kisha nikamwambia asiogope.