Kibao cha Mpiga Pasi

Mimi ni mdaku, na kazi yangu ya kuchonga maandishi kwenye vibao vya shaba imenizidishia udaku. Mtu akiniletea maneno ya kumsifu mwenzake, lazima nimuulize huyo mwenzake amefanya nini hasa. Wengine hununa. Shauri yao.

Basi akaja Dobi, yule mwenye duka la kufulia nguo mtaa wa nyuma. Alitaka kibao cha mpiga pasi wake: jina, na chini yake, "Ametumika kwa uaminifu." Mama huyo alikuwa ameaga kwamba anaacha kazi, na Dobi wa watu alikuwa hana raha, maana wateja walikuja kwa sababu ya mikono yake.

"Akikiona huenda akabaki," akasema, jasho likimtoka.

"Kwa uaminifu vipi?" nikauliza.

"Kwa uaminifu tu, dada. Kwani hujui maana yake?"

"Maana naijua. Nataka mfano."

Akakuna kichwa, akatazama dari. "Miaka yote hii," akasema hatimaye, "sijawahi kumkamata na kitu."

Jibu hilo lilinikera, nisiwe mwongo. Anayesema hajamkamata mtu, si alikuwa akimvizia? Lakini nikameza maneno, maana udaku ndio kwanza ulikuwa umenipanda. Kwangu kuna utaratibu: mwenye jina huja mwenyewe kulisoma likiwa bado la penseli, kwa sababu kosa la penseli hufutika, la patasi ndio basi tena. Nikamwambia Dobi amtume kwangu.

Mpiga pasi akaja kesho yake mchana, mama mnene mwenye macho ya utani, mkoba begani. Akakiinamia kibao, akafuata herufi kwa kidole chenye kovu la pasi.

"Jina liko sawa," akasema. "Hayo mengine ni maneno yake."

"Ya uongo?"

"Nani kasema uongo? Wewe nawe, unapenda maneno kama kinyozi!"

Tukacheka, akaaga. Alipofika mlangoni akasimama, akashusha mkoba, akaufungua wazi na kunigeuzia. Akangoja hivyo, uso ameuelekeza pembeni.

"Unauza nini, dada?"

Akashtuka. Akaufunga upesi, na utani wote ukamtoka usoni.

"Loh! Mazoea haya jamani. Kila jioni nikitoka kazini Dobi ananipekua. Hata jana."

Jana! Jana hiyohiyo aliyokuja kuagiza kibao! Hasira zikanipanda. Nikachukua kifutio.

"Nifute?"

Akafikiri kidogo. "Usifute, ni kweli tupu. Chonga. Ila kibao mimi cha nini? Uaminifu wangu nilikuwa naujua kabla yake. Mpe yeye, akitundike pale mlangoni anapotupekulia. Mimi sibaki."

Nilichonga. Dobi alipofuata kibao chake nikampa ujumbe kama nilivyopewa, bila kuupaka asali, nikamweleza na jinsi mama alivyonifungulia mkoba mlangoni. Akakaa kwenye kiti, mabega yamemlegea.

"Ulikuwa unatafuta nini mle mkobani?" nikamuuliza.

"Sijui, dada. Kweli sijui. Marehemu baba alikuwa akiwapekua wafanyakazi, na mimi nikarithi duka na mambo yake. Sikuwa na ubaya naye hata kidogo. Namwamini kuliko ndugu zangu."

Nilimwamini, na hapo ndipo nilipochoka kabisa. Mtu huyuhuyu, mdomo unamsifu, mkono uko ndani ya mkoba.

"Kwa hiyo hata hapa kwako aliufungua?" akauliza.

"Aliufungua."

Akasogeza kiti karibu, akashusha sauti.

"Mle mkobani mlikuwa na nini?"

"Sikuangalia," nikasema.

Akanitazama kama mtu asiyeelewa, halafu taratibu akaelewa alichoniuliza, na mimi ndiye niliyeinamisha macho kwanza, kwa kumwonea haya.